Kijana anakua, jalada halikui: barua ya wazi kwa wanaoamua maombi ya hifadhi

Kwenu mawaziri mnaosimamia uhamiaji na wakimbizi, wakurugenzi wa elimu, na ninyi maafisa mnaokaa upande wa pili wa meza tunapohojiwa,

Salaam.

Nawaandikia nikiwa mtu mzima mwenye kazi, mwenye kitambulisho, na mwenye usingizi wa kawaida siku nyingi za wiki. Nilipoingia katika nchi iliyonipokea nilikuwa na miaka 14. Nchi niliyotoka sitaitaja, wala hii niliyomo. Nina shangazi na binamu waliobaki kule, na waliomsaka baba yangu bado wako madarakani. Mkiona huo ni woga wa kupitiliza, basi mmeshapata jambo la kwanza la kujua kuhusu vijana ninaowasemea: kwetu sisi, kuandikwa jina kwenye karatasi ya serikali hakujawahi kuwa habari njema.

Siku hizi nafanya ukalimani. Nakaa katikati ya afisa na mwomba hifadhi, namsemea huyu kwa yule na yule kwa huyu. Kazini humo naona mengi ya kuandikia barua: mabweni, posho, lugha za dharau, foleni za alfajiri. Hayo wengine wameyaandika vizuri kuliko mimi. Mimi nimekuja na suala la muda.

Ombi lililokaa kwenye kabati lenu miaka mitatu, kwenu ni ombi lililochelewa. Kwa baba wa miaka 45 ni miaka mitatu ya tabu. Kwa aliyefika na miaka 14 ni karibu ujana wake wote wa shule. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lina kipimo chake cha ukimbizi wa muda mrefu: watu 25,000 au zaidi wa taifa moja, wakiwa uhamishoni katika nchi fulani kwa miaka 5 au zaidi. Najua kipimo hicho kiliwekwa kwa ajili ya makundi na mipango ya misaada. Lakini kipigieni hesabu kwa mtu mmoja. Aliyekimbia akiwa na miaka 13 atakuwa na miaka 18 kabla hali yake haijastahili kuitwa ya muda mrefu. Ataingia mtoto na kutoka mtu mzima, na kwenye takwimu bado atakuwa mgeni wa juzi.

Niwaeleze yaliyotupata sisi, kwa sababu nayajua kwa undani na sihitaji ruhusa ya mtu kuyasimulia.

Baba alikuwa mtu wa chama cha upinzani. Hakuwa mkubwa, alikuwa mtunza daftari la wanachama katika wilaya yetu, na daftari hilo ndilo lililotakiwa. Tuliondoka usiku. Miezi minane baada ya kufika tukaitwa kwenye mahojiano. Mkalimani aliyepangwa hakutokea. Afisa alikuwa mpole, nalisema mapema msije mkadhani nina kinyongo naye. Aliangalia saa, akaniangalia mimi, akauliza kama naweza kusaidia kidogo tu. Lugha ilikuwa imeshaanza kunikaa mdomoni kwa sababu ya shule. Nikasema naweza. Sitawaficha, nilijiona mkubwa.

Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri: majina, tarehe, safari. Kisha afisa akauliza, "Ulipokamatwa mara ya pili, walikufanya nini?" Nikamgeuzia baba lile swali. Baba alinitazama kwa muda, akashusha macho kwenye mikono yake, akasema, "Mwambie walinihoji, kisha wakaniachia." Nikatafsiri neno kwa neno. Afisa akaandika mstari mmoja, akafungua ukurasa mwingine. Mama, aliyekuwa kiti cha pembeni, alianza kukunja na kukunjua kona ya mtandio wake, na hakuacha mpaka tulipotoka.

Miezi 11 baadaye baba aliitwa tena. Safari hii mkalimani mtu mzima alikuwepo, na mimi niliachwa nje kwenye benchi la ushoroba. Humo ndani baba alieleza yaliyotokea kweli. Mpaka leo sijayajua yote na sijamuuliza. Ninachokijua ni kile kilichokuwa kwenye barua ya uamuzi, kwa kuwa mimi ndiye niliyewasomea nyumbani: ombi limekataliwa, maelezo ya mwombaji kuhusu kukamatwa kwake mara ya pili yanapingana na aliyoyatoa awali.

Yaliyopingana ni maelezo ya baba mbele ya mtoto wake na maelezo ya mtu mbele ya mtu mzima mwenzake. Mzazi gani angesema vile mara ya kwanza? Nimekaa vyumba vya aina ile mara nyingi sana tangu nianze kazi hii, na bado nawaona watoto wa miaka 12 na 13 wakiitwa kusaidia kidogo tu: hospitalini, shuleni, kwenye kaunta za ustawi wa jamii. Mtoto anabeba maneno ambayo hakupaswa kuyasikia, na afisa anapokea maneno yaliyopunguzwa. Wote wawili wanapata hasara, na jalada linarudi mwanzo.

Tulikata rufaa. Ilikubaliwa, namshukuru Mungu na wakili wetu. Lakini ilichukua muda, na wiki sita kabla ya uamuzi nilitimiza miaka 18. Baba, mama na mdogo wangu wakapewa hadhi ya ukimbizi. Mimi nikaandikiwa kwamba kwa kuwa sasa ni mtu mzima, siwezi tena kuhesabiwa chini ya ombi la baba. Nifungue jalada langu. Nikarudi kwenye foleni ile ile niliyoipanga nikiwa na miaka 14, safari hii peke yangu. Afisa mwingine akaniuliza, "Wewe binafsi ulifanya siasa gani?" Nilimwambia ukweli: sikufanya yoyote, nilikuwa darasani siku walipokuja. Niliona kalamu yake ikisita.

Sasa niambieni, nani aliyechelewa hapo? Mimi sikukaa na jalada. Niliomba hifadhi nikiwa mtoto, siku ya kwanza, kupitia mlango mlioniambia nipitie. Aprili 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikutana na jambo linalofanana na hili. Binti kutoka Eritrea aliingia Uholanzi peke yake akiwa chini ya miaka 18, akaomba hifadhi, akatimiza 18 ombi likiwa bado linashughulikiwa. Alipokubaliwa na kutaka kuunganishwa na wazazi wake, akaambiwa umri umempita. Mahakama ikasema hapana: kwa haki hiyo ahesabiwe kuwa mtoto, kwa sababu haki ya mtu haiwezi kutegemea kasi ya ofisi inayomshughulikia. Hukumu hiyo inazifunga nchi za umoja ule, tena kwa suala la kuunganisha familia za watoto waliofika peke yao. Lakini busara yake haina mipaka ya kijiografia. Ninachowaomba ninyi mnaotunga kanuni ni mstari mmoja: umri wa mwombaji uhesabiwe siku aliyoomba, na ubaki huo mpaka mmalize, kwa watoto waliokuja peke yao na kwa waliokuja nyuma ya wazazi wao. Mstari huo hauhitaji jengo wala bajeti.

Najua mtanijibu kwamba maombi ni mengi na maafisa ni wachache. Ni kweli, nawaona wanavyochoka. Kwa hesabu za UNHCR, takriban asilimia 40 ya watu wote waliolazimika kuhama makwao duniani ni watoto. Basi tusiseme kwamba kijana ni kesi ya pembeni. Watoto ni sehemu kubwa ya wanaokimbia, na kijana ndiye pekee kwenye foleni anayebadilika kisheria kwa kusimama tu.

Kuna swali tunaloulizwa na kila mtu mwenye nia njema: mwalimu, jirani, afisa ustawi. "Umeshazoea?" Miaka minne nilijibu ndiyo. Lakini unazoeaje mahali ambapo barua ya mwezi ujao inaweza kukuamuru uondoke? Unajifunza majina ya mitaa huku ukijizuia usiyapende. Nilikuwa na rafiki shuleni aliyenialika kwao mara nyingi, nikawa nakataa, akadhani naringa. Nilikuwa napunguza tu idadi ya watu wa kuja kuwaaga.

Tena kuna mambo yanayoonekana kuwa utovu wa adabu na siyo. Mwaka wa kwanza mwalimu wetu alitaka picha ya darasa kwa ajili ya ubao wa shule na ukurasa wa shule mtandaoni. Nilipiga magoti nikajifanya nafunga kamba za viatu, nikakaa hapo chini mpaka alipomaliza. Akaniinua, akanipanga mstari wa mbele, nikageuza uso. Nikapewa adhabu ya kubaki baada ya masomo. Kule kwetu mtu mmoja wa chama cha baba alipatikana kwa picha ya harusi ya mpwa wake. Ningeanzia wapi kumweleza mwalimu hilo, kwa maneno mia mbili niliyokuwa nayo? Serikali zinazowatesa watu wao haziachi kuwatafuta wakishavuka mpaka. Zinawapigia simu ndugu waliobaki, zinasoma kurasa za mitandao, zinapenyeza watu kwenye jumuiya za wahamiaji. Kwa hiyo mtoto wa mkimbizi wa kisiasa anapoogopa kamera, mwulizeni kwanza. Na anapomwogopa mkalimani, msidhani ana kiburi. Mkalimani anayejua lugha yake sana huenda akawa anatoka upande ule ule uliomfukuza. Mimi mwenyewe huambiwa nitoke chumbani mara moja moja, kwa sababu ya lafudhi yangu tu. Huwa natoka bila neno. Afisa mzuri ni yule anayeuliza kabla ya kuanza, "Mkalimani huyu unamkubali?", tena anauliza nikiwa nje.

Kuna jingine ambalo ofisini hamlioni kwa sababu hutokea nyumbani. Mkimbizi wa vita ana adui mmoja wa kumlaumu, aliye mbali. Sisi tuna baba sebuleni. Siasa aliichagua yeye, mimi nilijikuta ndani yake. Nikiwa na miaka 16 nilimwambia kwamba daftari lake limetugharimu nyumba, shule na bibi tuliyeshindwa kumzika. Hakunijibu. Kwa wiki kadhaa tulipishana mlangoni kama wapangaji. Ungekuwa wakati wa kupata mtu mzima wa nje wa kuzungumza naye, na shuleni alikuwepo mshauri, mama mmoja mwenye moyo, lakini utaratibu wa hapo ulisema huduma hiyo ni kwa wenye hadhi kamili. Sisi bado tulikuwa waombaji. Kila kitu kilikuwa kinatungoja tukipata hadhi, na hasira ya miaka 16 haikuwa na mahali pa kungojea.

Nije kwenye vyeti, maana hapa ndipo napandwa na hasira hata leo.

Kijana mmoja niliyemkalimania alikuwa kiongozi wa wanafunzi chuoni kwao, mwaka wa tatu uhandisi. Alikamatwa baada ya maandamano, akatoroka. Huku akataka kuendelea na masomo. Dirishani akaambiwa alete cheti halisi cha sekondari na matokeo ya chuo, yathibitishwe na ubalozi wa nchi yake. Nilitafsiri, kisha nikasita, nikamwuliza dada wa dirishani kwa lugha yake kama amesikia alichokisema. Ubalozi ule ni ofisi ya serikali iliyomfunga. Kwenda pale ni kuwapelekea anwani yake, na ni kuwaweka wazazi wake matatani. Zaidi ya hayo, kuna mahali ambapo mkimbizi akionekana kwenye ubalozi wa kwao, hilo hutumika baadaye kama ushahidi kwamba haogopi. Anaagizwa aende, akienda anahesabiwa mwongo.

Waheshimiwa, jambo hili lilishapatiwa dawa kabla wengi wenu hamjazaliwa. Someni Ibara ya 25 ya Mkataba wa 1951 kuhusu Hali ya Wakimbizi. Inasema kwamba pale ambapo mkimbizi angehitaji msaada wa mamlaka za nchi asizoweza kuzikimbilia, nchi inayomhifadhi itahakikisha anapata msaada huo kwa mamlaka zake yenyewe au mamlaka ya kimataifa, na hati atakazopewa hivyo zitashika nafasi ya zile ambazo angepewa na nchi yake. Ibara ya 22 nayo inataja elimu: ya msingi sawasawa na raia, na ya juu ya hapo kwa namna iliyo bora kadiri iwezekanavyo, pamoja na kutambua vyeti vya nje, kupunguza ada na kutoa ufadhili. Hapo kwenye elimu ya juu waandishi wa 1951 walilegeza kamba, na ofisi nyingi zimejificha kwenye ulegevu huo. Hadi mwaka 2019, vijana wakimbizi waliokuwa vyuoni hawakuzidi watatu katika kila 100. UNHCR na washirika wake wamejiwekea lengo la asilimia 15 ifikapo 2030. Hawatafika huko kwa kuwatuma vijana ubalozini.

Na haiwezekani kusema haijawahi kufanyika. Majeshi ya Kisovieti yalipozima uasi wa Hungaria mwaka 1956, watu wapatao 200,000 walikimbia. Miongoni mwao walikuwemo wanafunzi takriban 200 wa chuo cha misitu cha Sopron, pamoja na walimu wao na mkuu wao, Kálmán Roller. Mwaka 1957 Chuo Kikuu cha British Columbia, kule Kanada, kiliwapokea wote kama kitivo. Hawakuambiwa wajue Kiingereza kwanza. Waliendelea kufundishwa kwa Kihungaria na walimu wao wenyewe huku wakijifunza lugha ya pale, mpaka kundi la mwisho lilipohitimu mwaka 1961. Ukiniuliza, kilichowaokoa vijana wale ni kwamba kalenda yao ya masomo haikukatika.

Tanzania ilifanya la aina yake. Vijana waliokimbia Afrika Kusini baada ya machafuko ya Soweto ya Juni 1976 walipewa ardhi Mazimbu, Morogoro, kupitia chama chao cha ANC. Shule ikaanza 1978, na baadaye ikaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu Aprili 1979. Wanafunzi wake walikuwa na sababu zote za kuambiwa wasubiri mpaka kwao kutulie. Waliingia darasani. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.

Nchi zote mbili hizo zilikuwa na kodi za kukusanya na wananchi wenye manung'uniko yao. Hakuna aliyekuwa na ziada. Walichokiona ni kwamba mtu wa miaka 17 hawezi kuwekwa kabatini.

Yule mhandisi wangu wa mwaka wa tatu? Aliwekwa kwenye darasa la lugha la wanaoanza, akapewa karatasi ya kuunganisha picha na maneno: ndege, kiti, mlango. Huyu alikuwa akisimama mbele ya maelfu na kipaza sauti. Tulipotoka alinishika bega akaniambia, "Kaka, huku mimi ni bubu." Kwa hiyo sitaki mniambie kwamba mmempa fursa. Alihitaji lugha, ndiyo, na alihitaji pia hesabu zake, mashine zake, na mtihani wa kumpima alichokijua badala ya karatasi ya kuthibitisha mahali alipokijulia. Vyuo vingine vina mitihani ya namna hiyo kwa raia wasio na vyeti vya kawaida. Mfungulieni mlango huo huo.

Sijaandika kuomba kila ombi likubaliwe. Nimekaa mezani na waongo pia, nawajua, na afisa asiyechuja hatutendei haki hata sisi tuliokimbia kweli. Kataeni mnapoona pa kukataa, lakini fanyeni mapema, maana kijana aliyekataliwa baada ya miezi sita ana mahali pa kuanzia. Aliyekataliwa baada ya miaka sita ana lugha yenu, marafiki wenu, na kule anakorudishwa hana hata wa kumpokea.

Wiki hii nina kijana wa miaka 17, ameingia mwaka wa tatu akisubiri. Anatimiza 18 mwezi ujao. Barua ya mwisho aliyoipata kutoka kwenu ina aya moja, na neno la mwisho ni "utaarifiwa". Ameniletea mara tatu nimtafsirie. Mara ya tatu aliuliza kama katika lugha yenu neno hilo lina siku ndani yake.

Nilimwambia nitawauliza.

Wenu,
Mkalimani, aliyekuwa mwomba hifadhi